Nywele za utosini zinaisha: nisubiri dawa mpya au nianze matibabu sasa?

Binti Kirumba
Habari zenu wana jukwaa. Nina miaka 36, naishi Mwanza, mama wa watoto wawili. Huu mwaka wa tatu nywele zangu za utosini zinapungua. Palianza padogo kama sarafu, nikajua ni rasta zimevuta, nikapumzisha kusuka. Hazikurudi. Leo pamekuwa kama kisosi cha chai, ngozi ya pale ni laini na inang'aa. Pembezoni panawasha na kuchoma, hasa usiku. Mama yangu alikuwa hivihivi, sisi tukadhani ni uzee.

Nimepaka mafuta ya nyonyo, maji ya vitunguu, na kopo la shilingi 45,000 nililonunua mtandaoni. Zahanati moja walinipa dawa ya mapunye bila hata kunishika kichwa. Sasa mdogo wangu aliyeko Marekani kanitumia habari za dawa inaitwa PP405. Anasema inaamsha vinyweleo vilivyolala, yaani vile vishimo vya ngozi vinavyootesha nywele, kwa hiyo nitulie nisihangaike na haya mengine, miaka michache itakuwa sokoni.

Nisubiri kweli? Anayejua hizi dawa zimefikia wapi anieleze kwa lugha nyepesi. Binti yangu ana miaka 9, ameanza kuniuliza kwa nini sivui kilemba hata ndani.

Dodoma Makulu
Pole sana dada. Mimi upara ulinianza nikiwa na miaka 24, na kosa langu kubwa lilikuwa hilohilo la kusubiri. Nikiwa chuo nilisoma kwamba mwaka 1999 Colin Jahoda na wenzake kule Uingereza walichukua chembe za kichwani kwake, wakazipandikiza kwenye mkono wa mwenzake Amanda Reynolds, na nywele zikaota. Nikasema basi, nitaoteshewa zangu maabara. Kumbe chembe hizo zikikuzwa kwa wingi nje ya mwili zinapoteza uwezo wa kuotesha nywele, na fumbo hilo bado linawaumiza vichwa watafiti. Nilipokuja kuanza minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, mbele hapakuwa na cha kuokoa. Katikati imenisaidia, lakini ilichukua miezi sita, na wiki za mwanzo nywele zilipukutika zaidi hadi nikataka kuacha.

Angalizo: mtu akikuambia ununue vidonge vya finasteridi, dawa ya upara wa wanaume, kataa. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba vina hatari kwa mtoto wa kiume tumboni.

Msusi wa Soko Kuu
Dada yangu, nimeshika vichwa miaka 17. Msuko ukivuta unakula pembeni, kwenye paji na juu ya masikio. Hilo duara la utosini linalotanuka ni jambo jingine, na nimeliona kwa wanawake wengi ambao hawasemi. Acha rasta nzito na dawa ya kulainisha kwa sasa. Na msusi akikuambia "vumilia, panauma kidogo tu", inuka kwenye kiti.

Tabibu wa Ngozi
Habari dada. Mimi ni mtoa huduma wa magonjwa ya ngozi, nilisomea Moshi pale KCMC. Siwezi kukupima kwa simu, ila maelezo yako yananipeleka kwenye ugonjwa tunaouita CCCA, yaani upotevu wa nywele unaoacha kovu. Unawapata zaidi wanawake weusi, unaanzia utosini na kusambaa kama duara. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya PADI3, kwa hiyo habari ya mama yako ina uzito.

Sasa PP405. Ni dawa ya kupaka iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Inabadili jinsi seli shina za kinyweleo, zile zinazozaa seli nyingine, zinavyotumia nishati ili ziamke. Matokeo ya 2025 yanatia moyo: kati ya wanaume wenye upara uliokwisha kusogea, 31% waliongezeka wingi wa nywele kwa zaidi ya 20% ilipofika wiki ya 8, na kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kitu ndani, hakuna aliyefika hapo. Lakini ilijaribiwa kwa upara wa homoni, kama wa kaka wa Dodoma. Kule kinyweleo kimesinyaa, kipo. Kwenye CCCA uvimbe unakiua na kuacha kovu. Ngozi kung'aa ndiyo dalili yake. Huwezi kuamsha kilichokufa, na kila mwezi unaosubiri vinakufa vingine pembezoni, hapo panapokuwasha.

Vivyo hivyo utasikia barisitinibu, iliyoruhusiwa Marekani 2022. Ni dawa kubwa kweli, ila ni ya nywele zinazonyofoka mabaka mabaka kwa sababu kinga ya mwili imezishambulia.

Kwa ugonjwa wako, jina la kufuatilia ni metfomini. Ndiyo, hiihii ya kisukari. Tafiti ndogo za Johns Hopkins zimeona baadhi ya wagonjwa wa CCCA wakiota nywele upya. Bado ni mapema, usijinunulie. Kinachotumika leo ni steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kupaka au kuchoma sindano kichwani, antibiotiki ya doksisaiklini kwa miezi kadhaa, na minoksidili kwa vinyweleo vilivyosalia. Lengo la kwanza ni duara lisimame. Nenda hospitali ya rufaa yenye kliniki ya ngozi, omba wakate kipande kidogo cha ngozi wapime. Wakate pembezoni, katikati pana kovu tu.

Binti Kirumba
Nimesoma mara tatu. Tabibu, hapo katikati hapatarudi kabisa?

Tabibu wa Ngozi
Palipokwisha kuwa kovu, kwa dawa za leo, hapana. Ugonjwa ukitulia mwaka mzima au zaidi, kuna wanaopandikizwa nywele za kisogoni, japo kwenye kovu hazishiki vizuri kama kwenye ngozi nzima. Mwaka 2020 watafiti waliotesha maabara ngozi yenye vinyweleo kutokana na seli shina za binadamu. Kama kovu litakuja kupata tiba, nadhani itatokea njia hiyo, ila sikupi mwaka. Piga picha ya utosi sasa, kila mwezi rudia kwenye mwanga uleule.

Binti Kirumba
Asante. Bado moja: binti yangu nimwache asisuke?

Tabibu wa Ngozi
Asuke, lakini isibane, na kemikali asipakwe. Ugonjwa huu huwakuta zaidi watu wazima. Akishakua, mtu amwangalie utosi mara kwa mara, na akilalamika kuwashwa asiambiwe ni mba.

Binti Kirumba
Kliniki naenda Jumanne. Mdogo wangu nimempigia, kasema nauli na kipimo vyake. Picha amenipigia binti yangu usiku huu. Akapima duara kwa vidole vyake, vinne.