Mke wangu anahitaji figo, niko tayari kumpa yangu, naambiwa watoto tuliozaa wanaweza kuwa kikwazo. Naombeni ushauri

Baba Wanne wa Igoma:
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya chumba cha kusafishia damu. Mama watoto yuko ndani, ndiyo kwanza amemaliza saa moja kati ya nne.

Tunaishi Igoma, hapa hapa Mwanza. Mke wangu ana miaka 38. Presha ilimpata kwenye mimba ya tatu na haikuwahi kukaa sawa, mwaka jana figo zote mbili zikagoma. Sasa ni mashine mara tatu kwa wiki, huu mwezi wa kumi na moja. Ameshaongezewa damu chupa tatu.

Mimi ni grupu O, yeye ni A. Nilijua mchezo umekwisha, nampa moja tunarudi nyumbani. Daktari akasema subiri, kuna kipimo cha kuchanganya damu zetu, kwa sababu mwanamke aliyezaa na wewe mwili wake unaweza kuwa umeshajifunza kukukataa. Tuna watoto wanne! Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Nimetoka pale nimenyong'onyea.

Mwingine aliyejitokeza ni shemeji yangu, mdogo wake wa baba mmoja mama mmoja, mvuvi huko Ukerewe, miaka 31. Anavuta sigara, na kichocho amekitibu akarudi ziwani akakipata tena sijui mara ngapi. Mama mkwe naye kaleta dumu la lita 5 la mizizi, anasema tuachane na visu.

Je, hilo la watoto ni kweli? Shemeji anafaa? Na figo ikishawekwa, nini huwa kinaiua? Kuna jamaa wa mtaani alipandikizwa nje ya nchi, akarudi mzima kabisa, baada ya miaka miwili nikamkuta hapa hapa kwenye mashine.

Sangara Mkavu:
Kwa hiyo mke anaweza kukukataa kitaalamu kabisa, na cheti juu 😂 Pole mkuu, natania tu. Ngoja waje wataalamu.

Nesi wa Zamani:
Pole sana kaka. Nimekaa na wagonjwa wa mashine miaka mingi, nikueleze taratibu.

Ni kweli. Kila chembe ya mwili ina alama za kumtambulisha mwenyewe, na mtoto amebeba nusu ya alama za baba. Akiwa tumboni, chembe zake kidogo huingia kwenye damu ya mama, na mwili wa mama ukiziona hizo alama ngeni huweza kutengeneza askari wa kupambana nazo. Si kila mama, ila mimba zikiwa nyingi uwezekano unapanda. Damu ya kuongezewa huleta yale yale, maana nayo ina alama za watu wengine.

Kipimo chenyewe: wanachukua maji ya damu ya mkeo, wanayakutanisha na chembe zako nyeupe. Askari wakizivamia, figo yako ingeweza kufa ndani ya dakika au saa chache baada ya kuunganishwa. Wasipozivamia, wewe ni mtoaji kama watoaji wengine, hata kama mngezaa timu nzima ya mpira. Kwa hiyo hujakataliwa, hujapimwa tu. Grupu O kumpa A haina shida, na ile chanya au hasi haihusiki kwenye figo.

Nikuombe jambo moja. Damu ikishuka tena, uliza habari ya sindano za erithropoietini, zile za kuusukuma mwili utengeneze damu, pamoja na madini ya chuma kabla ya kukimbilia chupa nyingine. Kila chupa inaweza kuongeza askari. Lakini daktari akisema hii ni ya kuokoa maisha, usibishane naye.

Na msikae sana. Mtu anavyozidi kukaa kwenye mashine ndivyo moyo na mishipa inavyochoka, na matokeo ya upandikizaji hushuka. Siku hizi si lazima India. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018.

Figo ya Dada:
Mkuu, mimi natembea na figo ya dada yangu mwaka wa sita, naomba nijibu la mwisho. Huyo jamaa yako simjui, ila nimewaona wengi wa aina yake. Mtu anajisikia mzima, anakojoa vizuri, dawa zinaisha, anasema nitanunua mwisho wa mwezi. Mwili haujawahi kusahau kwamba ile figo ni mgeni, dawa ndiyo inayowazuia askari. Na mwili ukianza kuikataa figo, mara nyingi huumwi popote. Unashtukia kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo huutoa, imepanda.

Mimi takrolimasi, ndiyo dawa yangu ya kuwazuia hao askari, ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, simu inalia hata niwe kanisani. Siku ya kupima kiwango chake sinywi ya asubuhi mpaka watoe damu kwanza. Balungi nimeacha, linapandisha dawa mwilini. Diklofenaki za duka la dawa sigusi hata mgongo ukiniua. Dawa ya TB, rifampisini, inashusha takrolimasi vibaya sana, kwa hiyo TB itafutwe mapema kabla ya upasuaji. Miezi ya mwanzo ndiyo kali zaidi, dawa ziko juu na kila mdudu anakuonea. Halafu dawa hizo hizo zinaweza kukuletea sukari, mimi imeshanipata.

Kabla hamjapanga safari, kaeni na karatasi mjue dawa za kila mwezi zitalipwa na nani, bima au mfuko wenu, maisha yote. Upasuaji watu huwachangia. Vidonge vya mwaka wa tatu hakuna anayekuja na bahasha.

Dumu la mama mkwe lipokee kwa heshima, ulifungie stoo. Mizizi mingine inaumiza figo, mingine inachezea dawa.

Niliyetoa:
Niongelee shemeji. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na mgonjwa alama zote, bahati ambayo wa baba mmoja mama mbalimbali hawezi kuitarajia. Kichocho hakimtoi, prazikwanteli ipo, ila waangalie na ini lake, maana kichocho cha ziwani kwetu kinapenda ini. Sigara aache sasa, si wiki ya upasuaji. Presha na sukari apimwe vizuri, atabaki na figo moja uzeeni.

Lakini kitu nilichokishukuru mimi ni kwamba waliniita peke yangu, mlango ukafungwa, wakaniuliza kama nataka kweli. Kijana wa miaka 31 mbele ya mama yake na dada yake anayeumwa atasema nini zaidi ya ndiyo?

Mzee wa Kirumba:
Samahani kuingilia, kwenye ini ni hivyo hivyo?

Nesi wa Zamani:
Si sana mzee. Ini halichagui alama kama figo, hutazamwa zaidi grupu na ukubwa, na mtoaji hukatwa kipande tu, kinachobaki hukua. Hatari kubwa za huko ni nyingine: homa ya ini B kurudi kushambulia ini jipya kama mtu hanywi dawa zake, na pombe. Fungua uzi wako tutaongea.

Baba Wanne wa Igoma:
MREJESHO. Nimepimwa juzi, majibu wiki ijayo. Shemeji amefika jana na meli ya Nansio. Sikumpeleka nyumbani moja kwa moja, tulikaa pale bandarini, nikamwambia ukisema hapana itaishia kwangu, dada yako hatajua. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia maji. Akaniuliza, hivi mtu mwenye figo moja anaruhusiwa kuvuta nyavu? Nikamwambia sijui, tutamuuliza daktari Jumatatu. Akanikabidhi pakiti yake ya sigara, zimebaki nne.

Niliyetoa, hilo la nyavu unalifahamu?

Niliyetoa:
Mimi ni fundi ujenzi. Wiki sita za kwanza walinikataza kunyanyua chochote kizito, baadaye nikarudi kwenye zege taratibu. Nyavu aulize mwenyewe, aulize akiwa peke yake na daktari.