Gitaa la achitopu la kuagiza kwa fundi: la kuchongwa au la tabaka, kwa hewa ya Tanga?

Ngamiani_Solo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nimedunduliza hadi nimefika mahali pa kuagiza gitaa la kutengenezwa kwa mkono: achitopu, lile la kifua kilichobinuka na matundu mawili ya herufi f. Fundi yuko Ulaya. Amenitumia karatasi ya maswali: upana wa mwili, kina, aina ya kifua, pikapu, urefu wa nyuzi, shingo, mpaka rangi ya vyuma. Nikishamjibu anaanza kukata mbao, kwa hiyo nataka nijibu kwa akili.

Napiga solo na ridhim kwenye kikundi cha hapa Tanga: harusi, shughuli za mtaani, hoteli mojamoja Raskazone. Tunapiga dansi la zamani na taarab. Sikio langu limelelewa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za zamani za hapahapa Tanga. Nyumbani napiga usiku bila umeme, kwa hiyo gitaa lisiwe bubu likichomolewa waya.

Napima njia mbili:

A) Inchi 17, kifua cha sprusi kilichochongwa, mgongo na mbavu za mepo (maple), pikapu moja (kinasa sauti ya nyuzi) ya kuelea. Mtindo wa L-5 ya kampuni ya Gibson ya Marekani.

B) Inchi 16, mwili wote wa mbao za tabaka (vipande vyembamba vilivyogundishwa kimoja juu ya kingine), pikapu mbili zilizozamishwa kifuani. Mtindo wa ES-175, nayo ya Gibson.

Moyo uko A. Nipeni sababu, za kunikubalia au za kunikatalia.

MzeeWaRidhim

Mwanangu, hizo mbili hazikuzaliwa kwa kazi moja. L-5 ilitoka 1922, mbunifu Lloyd Loar akiwa Gibson, na ndiyo iliyoleta matundu ya f kwenye gitaa kutoka kwa fidla. Wakati huo hakuna amplifaya. Mpiga ridhim amekaa katikati ya tarumbeta na saksafoni, anatakiwa asikike kwa mbao peke yake. Ndiyo maana kifua kikachongwa chembamba, na katikati ya miaka ya 1930 mwili ukapanuliwa kutoka inchi 16 kufika 17. Super 400, achitopu nyingine ya Gibson, ikafika 18.

ES-175 ilikuja 1949, gitaa za umeme zimeshazoeleka. Hiyo ilikusudiwa ichomekwe. Mbao za tabaka ziliishusha bei, na zikaifanya itulie karibu na spika.

Kwa hiyo kabla ya kujibu inchi ngapi, jibu hili: kwa mwezi unapiga mara nyingi zaidi wapi, ukumbini au kitandani kwako?

Ngamiani_Solo

Shikamoo mzee wangu. Ukumbini, bila ubishi. Na kumbi zetu unazijua: spika kubwa, jukwaa dogo, ngoma ziko mgongoni kwangu.

Sauti_Bagamoyo

Basi A kama ulivyoiandika itakutesa. Nakaa kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) hapa Bagamoyo, na gitaa lenye uwazi ndani nalijua kwa tabia yake. Spika inatikisa kifua, kifua kinatikisa nyuzi, pikapu inaokota mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika. Duara hilo likishaanza, gitaa linaunguruma lenyewe hata ukiondoa mikono. Huanza na noti nene za uzi wa sita na wa tano, kwa sababu ndizo zilizo karibu na sauti ya asili ya mwili wake. Mwili ukiwa mkubwa na kifua kikiwa chepesi, linaanza mapema.

Mimi nitapunguza besi kwenye mikisa, sawa, lakini nikipunguza hivyo nimekuondolea utamu ulioulipia.

Pikapu ya kuelea haiponyi hilo. Inashikiliwa mwisho wa shingo au kwenye kibao cha kulinda kifua, haigusi kifua chenyewe, kwa hiyo mbao inabaki huru. Uhuru huo ni raha ukiwa chumbani. Harusini ndio unaoleta muungurumo. Pikapu iliyozamishwa inakata tundu kwenye kifua na kukiongezea uzito, gitaa linapoteza sauti ya mbao lakini linatulia.

Kwa jukwaa unalolieleza mimi naandika B na silali na mawazo.

FundiRanda_Muheza

Naongezea upande wa mbao, maana watu wanaongelea sauti tu na kusahau tunaishi wapi.

Mafundi wa gitaa Ulaya na Marekani wanajenga kwenye chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50. Mbao ikikaa humo hutulia na maji kama asilimia 8 ya uzito wake. Ilete Tanga, ambako hewa mara nyingi iko asilimia 75 au 80, mbao hiyohiyo itakunywa hadi ifike asilimia 14 hivi. Na mbao haivimbi kwa urefu, inavimba kwa upana. Kifua kilichochongwa kimegundishwa mbavuni pande zote, hakina pa kutanukia, kwa hiyo kinapanda juu. Bridji, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya kifua, inapanda nacho, nyuzi zinakaa mbali na shingo, na gitaa uliloletewa laini linakuwa gumu kubonyeza.

Mbao za tabaka zinajifunga zenyewe: tabaka moja limelala hivi, la pili limekatiza, kila moja linamzuia mwenzake. Zinacheza kidogo sana. Nilishaletewa gitaa la kifua bapa kutoka duka moja mjini, bridji yake imegundishwa juu ya kifua, imebanduka nusu. Joto, unyevu na mvuto wa nyuzi vilifanya kazi pamoja.

Hapo achitopu ya aina yoyote imetuzidi akili kwa wema: bridji yake haigundishwi. Imeshikwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na ina skrubu mbili zenye magurudumu madogo. Kifua kikipanda unazungusha, unaishusha. Kwa mwambao hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Mwambie fundi wako mapema kwamba gitaa litaishi pwani. Asitumie gundi ya ngozi mahali penye mvuto mkubwa, maana inalegea kwa joto na unyevu vikikutana. Na chuma cha kurekebishia shingo kiwe cha kuvuta pande mbili.

Binti_Chumbageni

Naomba nipingane na Sauti_Bagamoyo kwa heshima. Mimi nina achitopu ya Kijerumani ya kuchongwa, aliniachia marehemu mjomba, na imekaa Chumbageni miaka yote hiyo upepo wa bahari ukiingia dirishani. Kifua kilipanda, kikapata makazi yake, kikatulia. Nairekebisha bridji mvua za masika zikianza na tena kiangazi kikikolea, basi.

Kaka amesema anapiga usiku bila umeme. Gitaa la tabaka ukilichomoa waya sauti yake ni fupi na kavu, halimfundishi mtu mkono wake. La kuchongwa linakwambia papo hapo kidole kimegusa wapi. Kwa ridhim ya taarab, ile ya kusindikiza fidla na kinanda bila kuwafunika, sioni kinachoishinda.

Mbona hakuna anayetaja njia ya kati? Inchi 16, kifua cha kuchongwa lakini kiachwe kinene kidogo, kina cha mwili kishuke kutoka inchi 3 na 3/8 ya kawaida kwenda kwenye 2 na nusu hivi, pikapu moja izamishwe karibu na shingo. Mihimili ya ndani iwe miwili inayokwenda sambamba, si ya kukatizana kama herufi X. Ya sambamba inatoa sauti kali inayokwenda mbele, na inaacha nafasi ya pikapu katikati yake. Ya X ni tamu zaidi, ila ni tamu ya chumbani. Siku ya harusi kubwa unaziba matundu ya f kwa sponji, ukirudi nyumbani unaitoa.

Sauti_Bagamoyo

Dada, kwa vipimo hivyo nakubali kukaa kwenye mikisa. Sponji inasaidia kweli, na kina kikipungua kinasaidia zaidi. Wasiwasi wangu ulikuwa inchi 17 yenye kifua chepesi.

Ngamiani_Solo

Binti, hiyo ya kati imenikamata. Sasa la mbao za nyumbani: natamani mgongo wa mninga na ubao wa vidole wa mpingo. Naweza kumpelekea fundi mbao kutoka hapa? Na kifua je, podo ya Usambara au paini ya Shume haifai?

FundiRanda_Muheza

Kifua achana navyo. Sprusi nzuri ya gitaa imekua polepole kwenye milima ya baridi, miaka yake, ile mistari ya ukuaji kwenye mbao, imebanana, ni nyepesi na ngumu kwa pamoja. Paini ya shamba imekimbia kukua, miaka yake mipana. Msaji wa Longuza tusiutaje, mafuta yake yanaitesa gundi.

Mninga naupenda, ukishakauka hauchezi. Lakini fundi wako ameuzoea mepo: anajua aupunguze kiasi gani, anaugonga na kusikiliza. Usimfanye ajifunze mbao mpya juu ya gitaa lako. Mpe mninga kwenye kibao cha kulinda kifua, uonekane.

Mpingo ndiyo, tena bila kusita. Ubao wa vidole, bridji, na kishikio cha nyuzi huko mkiani. Ni mzito hadi unazama majini, na ndio unaotengenezewa klarineti duniani kote.

MzeeWaRidhim

Kuhusu kuupeleka: jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingia Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa 2017. Tangu Novemba 2019 ala ya muziki iliyokamilika imeondolewa kwenye sharti hilo, kwa hiyo gitaa lenye mpingo litarudi kwako bila kibali cha CITES. Ubao ghafi ni habari nyingine: unahitaji vibali kuanzia TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, na kuendelea. Fundi anunue huko mpingo wenye karatasi zake, huenda umetoka Kilwa kwetu hukohuko.

Binti_Chumbageni

Na vyuma jamani. Chumvi ya bahari inakula kila kitu. Omba freti (vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) za stenlesi. Dhahabu ya kupakwa usiichukue, ni utando tu, jasho la mkono linaumaliza. Urefu wa nyuzi: kama umezoea gitaa la mtindo wa Fender, chukua inchi 25 na nusu, solo inakuwa na noti zilizoachana vizuri. Ile ya 24 na robo tatu ni laini zaidi kwa kidole. Na lazima bega moja likatwe, solo ya dansi inaishi juu kwenye shingo.

Ngamiani_Solo

Nabaki na 25 na nusu. Swali la mwisho: nikishusha bridji kwa zile skrubu, au ikisogea nikibadili nyuzi, nitajuaje imerudi mahali pake?

FundiRanda_Muheza

Badili uzi mmoja mmoja, usilegeze zote, haitasogea. Ikisogea: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza, sikiliza ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza bridji kuelekea mkiani. Ikiwa chini, ilete kuelekea shingoni. Fanya kwa uzi wa kwanza na wa sita, halafu weka alama ndogo ya penseli pembeni ya miguu ya bridji.