Kila ombi nakubali, nimechoka. Naanzaje upya bila kuharibu?

Mzigo_Mwepesi:
Habari wakuu. Kazini nashika zamu za wenzangu, kwenye chama mimi ndiye mweka hazina, nimemdhamini jamaa mkopo, na kila kamati ya harusi jina langu lipo. Nataka niache kazi mwisho wa mwaka, nihamie nyumba ndogo mbali na hapa, nibadilishe namba ya simu, niishi kwa vichache. Wanaoyajua haya mambo, nianzie wapi na nini huenda mrama? Naomba hatua, ya kutiana moyo nimeyasikia.

Kibarazani:
Namba ya simu iache kwanza. Kutoweka kunamvutia sana mtu asiyeweza kukataa, maana hakumlazimu kumkatalia yeyote usoni. Lakini sahihi zako zitabaki nyuma, na zitakutafuta.

Chukua daftari, andika kila ulichoahidi, kisha utenge mafungu matatu: ulivyotia sahihi, ulivyoahidi kwa mdomo, na unavyofanya bila kuombwa na mtu. Hilo la tatu mara nyingi ndilo refu, na ndilo rahisi: acha tu, usitangaze. La mdomo, maliza yanayoangukia ndani ya mwezi mmoja. Yaliyobaki mwambie mhusika mapema ili atafute mwingine.

La sahihi ndilo lenye kazi. Udhamini haufi kwa wewe kuhama. Kwa kawaida unaisha mkopo ukilipwa, au mkopeshaji akikubali kwa maandishi kukutoa na kumpokea mdhamini mwingine, kwa hiyo nenda ukaulize salio na tarehe ya mwisho. Hazina nayo usikabidhi kwa maneno. Linganisha daftari na taarifa ya benki mstari kwa mstari, fedha taslimu ihesabiwe mbele ya watu wawili, wote mtie sahihi, ubaki na nakala. Halafu hakikisha benki imeondoa jina lako kwa watia sahihi wa akaunti. Hapo ndipo wengi husahau, na fedha ikipotea baadaye wa kwanza kuulizwa ni wao.

Dada_Mkubwa:
Naongezea kwenye kukataa kwenyewe. Usijibu papo hapo. Sema "nitakujibu kesho jioni", na kesho jioni jibu kweli, ukinyamaza watahesabu umekubali. Jibu liwe fupi: "Hapana, safari hii sitaweza." Sababu usitoe. Ukisema huna usafiri, utatumiwa gari. Ukisema una mgeni, utaambiwa uje naye. Na "tutaona" au "nitajitahidi" kwa mwombaji ni ndiyo.

Wiki za mwanzo watasukuma zaidi kuliko zamani, wengine watanuna, wengine watamtuma mtu unayemheshimu. Wasiojua hili hudhani wamekosea, wanarudi nyuma. Ukikubali mara ya tano, umewafundisha kuwa hapana yako inavunjika mara ya tano. Majaribio ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, yalionyesha hivyo hivyo: tabia inayopata malipo mara moja moja huchelewa sana kufa kuliko inayolipwa kila mara. Kwa hiyo kama utakubali, kubali mara ya kwanza.

Tahadhari: kama kati ya hao yupo anayekutisha au aliyewahi kukupiga, usimtangazie mipango. Hapo unahitaji njia nyingine na watu wa kukulinda.

Mzigo_Mwepesi:
Shukrani sana dada, na wewe Kibarazani. Fedha je? Na kikundi cha ukoo kwenye simu nijitoe?

Hesabu_Kwanza:
Mkuu, barua ya kuacha kazi isubiri. Miezi mitatu andika kila senti inayotoka, na ile inayokwenda kwa watu iwe na safu yake. Kisha ishi miezi miwili kwa bajeti ya hayo maisha mapya ukiwa bado na mshahara. Ikikushinda sasa, huko itakushinda vibaya zaidi. Ziada yote weka akiba, lengo liwe matumizi ya miezi sita. Gharama za mara moja kwa mwaka (bima, ada, leseni) zigawe kwa 12 uziingize kila mwezi, ndizo huwaangusha wengi wenye "maisha mepesi". Misaada iwekee kiasi maalumu kwa mwezi, kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Vitu vya ndani uza, ila zana za kazi yako usiguse.

Ukishahamia, miezi mitatu ya mwanzo usipokee cheo chochote wala usikopeshe. Majirani wapya hawajui ulikotoka, watakuzoea kwa kile utakachoanza nacho.

Kikundi cha ukoo usitoke. Zima mlio, kifungue mara moja kwa siku saa ileile, na waambie wawili watatu kwamba jambo la dharura wapige simu.