Kuku anajikamua tangu asubuhi na hatagi, je ni yai limenasa?

Mama Wawili, Kimara

Habari za jioni wakuu. Nafuga chotara nyuma ya nyumba, kumi na wachache tu, mayai ya kula na ya kuuzia majirani. Ndiyo wanaanza kutaga. Sasa kuna mmoja mwekundu, tangu asubuhi anaingia kiotani, anakaa, anatoka bila yai, anarudi tena. Muda huu kasimama pembeni, mkia umeshuka, manyoya kayatutumua, anajikamua halafu anahema mdomo wazi. Chakula hagusi. Kinyesi ni majimaji meupe, tena kidogo. Wenzake wazima wote.

Jirani anasema ni mdondo, nichinje haraka kabla sijala hasara. Mama mkwe anasema nimnyweshe mafuta ya kula yai liteleze. Duka la dawa za mifugo limeshafungwa. Chakula chao ni pumba, mashudu na mabaki ya jikoni. Banda lina taa usiku kucha kwa sababu ya vicheche. Nifanye nini usiku huu?

Mbishi wa Banda

Chinja mkuu. Supu ya chotara haina mpinzani, na kuku mmoja asikunyime usingizi.

Bibi Tembe, Muheza

Mwanangu, weka kisu chini, na chupa ya mafuta irudi jikoni. Mafuta ya mdomoni yanaishia utumboni. Njia ya chakula na njia ya yai zinakutana mwisho kabisa, pale pa kutokea, kwa hiyo utampa kuhara tu, na ukimmiminia kwa nguvu yatamwingia mapafuni. Mkweo mwambie kwa adabu, usinitaje.

Mdondo haumchagui mmoja ukawaacha wenzake wanachakura. Ungeona vinyesi vya kijani, huyu anasinzia, yule shingo inapinda. (Kama hujawachanja, hilo ni deni lako la kesho.) Wala haatamii. Anayetaka kuatamia ukimsogelea anavimba na kunguruma, ila ukimtoa kiotani anakula, anakunywa, anatembea vizuri. Wako hataki kula na anahema. Mimi nalishuku yai.

Hakikisha kwa mkono. Mbane kwapani, mabawa yatulie, mkia uelekee mbele yako. Chini ya tundu la kutagia kuna vifupa viwili vyenye ncha. Papasa katikati yake na chini yake, taratibu. Ukikuta kitu kigumu cha mviringo, ndilo. Ila usikurupuke: yai huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kama saa 20 kati ya hizo linakaa mahali pa kuvikwa ganda. Kuku mzima kabisa ukimpapasa jioni unaweza kulikuta, na kesho asubuhi akataga bila neno. Linalotisha ni yai pamoja na hizo dalili ulizozitaja. Na kama tumbo limejaa, laini, linacheza maji, basi hilo ni jambo jingine kabisa, usihangaike na beseni la maji nitakalokueleza sasa hivi.

Ukilikuta, bandika maji. Yawe ya uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto mchanga, jaribu kwa kiwiko. Mweke kuku kwenye beseni, maji yafunike tumbo na tundu, kifua na kichwa viwe juu. Dakika 20 hivi, yakipoa unaongeza. Atapiga kelele mwanzoni, kisha wengi hulegea, wengine wanasinzia humo humo, na kulegea ndiko tunakokutaka. Mkaushe kabisa kwa taulo, maana kuku aliyeloa akipigwa na baridi ya usiku utampoteza kwa jambo jingine. Vaa glovu, kata kucha, paka vaselini au mafuta ya nazi kwenye tundu na ndani kidogo. Halafu boksi, matandazo makavu, chumba chenye joto na giza, maji ya kunywa karibu. Funika, ondoka! Watu wengi wanaharibu hapa, kila baada ya dakika tano wanafunua kuchungulia.

Duka la dawa za watu liko wazi? Chukua kidonge cha kalsiamu chenye vitamini D. Saga kimoja, changanya na maji kidogo, mdondoshee pembeni mwa mdomo tone kwa tone, ameze mwenyewe. Yai linasukumwa na misuli, na misuli iliyopungukiwa kalsiamu haina nguvu ya kusukuma. Mpe kabla hujamtia majini.

Usiliminye kwa nguvu wala usijaribu kulivunja. Ganda likipasukia ndani, vipande vinachana, na uchafu ukiingia tumboni kuku anaoza akiwa hai.

Mbishi wa Banda

Haya, nimekubali asichinjwe. Lakini kuna ile sindano ya uchungu ya ng'ombe, oksitosini. Mchome kidogo tu, kazi imekwisha.

Afisa Ugani Mstaafu

Mbishi, usimwambie mtu hivyo. Oksitosini inaikaza misuli isukume. Kama yai limegandamana na ukuta wa njia, limelala vibaya, au ni kubwa kuliko mlango, unasukuma kitu kisicho na pa kutokea, na njia inaweza kupasuka. Sindano hiyo ni ya daktari aliyempima kuku kwanza, na kwa kawaida anaanza na kalsiamu. Akiliona yai mlangoni limegoma, anaweza kulitoboa kwa sindano, akavuta kilichomo, ganda likasinyaa, akalitoa polepole.

Namuunga mkono Bibi kwa mengine yote. Naongeza muda tu: yai lililonasa kweli humuua kuku ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu linabana kinyesi na mishipa ya miguu pia. Ukiona ameanza kuchechemea au hawezi kusimama, usirudie beseni. Asubuhi na mapema nenda kwa daktari.

Mama Wawili, Kimara

Wakuu, limetoka! Nilimpa kidonge, nikamweka majini, nikamfungia stoo. Alfajiri nimekuta yai kubwa ajabu lenye michirizi ya damu. Nimelivunja, viini viwili. Anakunywa maji sana. Ila tunduni kuna kinyama chekundu kimechungulia nje, kama ukubwa wa ncha ya kidole. Nimrudishe bandani?

Bibi Tembe, Muheza

Usithubutu. Wenzake wakiona chekundu watadonoa, na wakianza hawaachi mpaka watoe utumbo. Akae peke yake. Kioshe kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka asali au sukari iliyoloweshwa, inavuta maji ya uvimbe. Kisha kirudishe ndani kwa kidole chenye vaselini, bila haraka. Kikirudi kikakaa, vizuri. Kikitoka tena na tena, au kikigeuka cheusi, daktari. Na aendelee kukaa gizani siku kadhaa, asianze kutengeneza mayai mfululizo kabla hajapona.

Sasa hiyo taa. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, na tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, anakomaa kwa mwendo huo. Wewe umemwashia usiku kucha tangu akiwa mdogo, mwili umeambiwa utage kabla nyonga hazijakaa sawa. Hata wafugaji wakubwa wanaoongeza taa huishia saa 16 kwa siku, na kwa kuku aliyekwisha komaa. Vicheche zuia kwa wavu wa matundu madogo, uufukie chini shubiri moja.

Chakula nacho. Pumba na mashudu hayana kalsiamu ya maana. Anayetaga anahitaji kama asilimia 3.5 hadi 4 kwenye chakula chake, na kila ganda moja linabeba kama gramu 2. Nunua chakula cha kuku wa mayai, au weka sahani ya magamba ya kome yaliyopondwa wajichagulie. Yasiwe unga. Vipande vikubwa vinakaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole usiku, na ganda linatengenezwa usiku. Vifaranga usiwape cha wakubwa, kalsiamu nyingi inawaharibu figo. Na wali punguza. Kuku mnene mafuta yanambana mlango.

Mama Wawili, Kimara

Asante sana Bibi, shikamoo. Kinyama kimerudi ndani, bado namwangalia. Maganda ya mayai yetu wenyewe je, naweza kuwapa?

Bibi Tembe, Muheza

Marahaba. Wape, ila yakaange kwanza kwenye sufuria kavu, uyaponde yasifanane tena na yai. Wakishajua kuwa yai linaliwa, hutaokota kitu bandani.