Naomba ushauri: nawapataje watu wa utafiti wa picha za ubongo hapa Mwanza?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nataka kuangalia kama presha ya muda mrefu inaendana na madoa meupe yanayoonekana kwenye ubongo kwa kipimo cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili), kwa watu wa miaka 50 kwenda juu.

Msimamizi wangu anasema nichukue tu picha zilizopo hospitalini. Ni rahisi, ila roho inasita. Aliyefika kwenye ile mashine tayari ana kiharusi, kifafa au kichwa kisichopona, na alikuwa na hela au bima. Mvuvi wa Ukerewe mwenye presha asiyejijua hayumo. Naogopa nitakuwa napima nani anafika hospitali, siyo presha inafanya nini.

Nimewaza kuchagua kaya kwa bahati nasibu Igoma na Kirumba. Juzi nikajaribu kwa majirani; mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Mwanangu, nikilala humo ndani dagaa wangu atageuza nani?" Waliokubali ni wastaafu wenye nafasi zao. Hata UK Biobank, utafiti mkubwa wa afya wa Uingereza wenye watu kama 500,000, waliojiunga ni asilimia 5.5 tu ya walioalikwa, tena wana afya kuliko wenzao.

Bajeti inatosha picha 80. Bora hao wachache wa bahati nasibu, au wengi wa hospitali? Na wanaokataa, niwaombe angalau umri na kipimo cha presha nilinganishe? Pendekezo linatakiwa Ijumaa.