Rock: enzi zake bora zimeshapita, au tunaozeeka ni sisi? Tupeane uzoefu

Waya wa Sita (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Jumapili nimetoka kanisani, nimekaa sebuleni najikwaruzia gitaa langu. Shemeji akaniangalia weee, kisha akauliza: "Hivi huo muziki bado upo?" Aliuliza kama mtu anayeulizia simu za mezani.

Mwanangu wa kidato cha tatu akadakia kwamba upo, akafungulia kwenye simu wimbo wa Metallica alioupata kwenye tamthilia ya Stranger Things mwaka 2022. Master of Puppets. Umetoka 1986, mimi nikiwa darasa la pili. Shemeji akaruka kama timu yake imepewa penalti: "Si unaona? Hata mtoto mwenyewe anasikiliza cha zamani!"

Nilikosa la kujibu. Na hoja anayo. Huko Marekani kwenyewe, hesabu za kampuni ya takwimu ya Nielsen za mwaka 2017 zilionyesha hip hop na R&B zimeipita rock kwa kusikilizwa, na haijawahi kurudi ilipokuwa.

Lakini nikajikumbuka mwenyewe. Mimi rock ilinifikia kwenye kaseti ya kurekodi aliyoleta binamu yangu baharia, mwishoni mwa 1994. Upande wa kwanza Nirvana, upande wa pili Dire Straits, na katikati dakika mbili za mahubiri ambayo hayakufutika vizuri. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikuwa ameshafariki Aprili ya mwaka huohuo. Sikujua. Kwangu mimi alikuwa mzima hadi 1997, nilipookota gazeti la zamani kwenye daladala. Nililia msiba wa miaka mitatu nyuma.

Basi leteni zenu. Ulikutana nayo wapi, kupitia nini, na unaonaje: imeisha au bado? Historia za kunakili hatutaki, wote humu tunajua kusoma.

Kijiwe Mchele

Kelele tu hizo. Msondo ndio muziki.

Waya wa Sita

Mkuu, Msondo imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mwaka uleule Wamarekani walipowapokea Beatles uwanja wa ndege. Kama kosa ni uzee, mko meza moja.

Mwana wa Reli

Mleta mada umenigusa. Mimi nimekulia Mbeya, baba alikuwa dereva wa TAZARA. Reli ile ilipofunguliwa mwaka 1976 watu walizungumzia shaba na mbolea. Nyumbani kwetu ilileta santuri.

Baba akifika Kapiri Mposhi alikuwa na siku ya kupumzika kabla ya kurudi. Wenzake walinunua vitenge na sabuni, yeye alinunua sahani za muziki wa Zambia. Ndiyo hiyo wanayoiita Zamrock siku hizi. Sisi hatukuwa na jina lake. Mama aliuita "muziki wa mgodini", na kwa kweli hakukosea sana, maana bendi nyingi zilitoka Kitwe na miji mingine ya shaba. WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Gitaa linanguruma kama jenereta lenye kikohozi, chini yake ngoma unazozielewa bila kufundishwa.

Kilichoupa nguvu muziki ule ni shaba na amri. Shaba ilipokuwa na bei, kijana wa mgodini alikuwa na mshahara wa kununua gitaa na kulipa kiingilio. Na Rais Kaunda aliagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, kwa hiyo vijana waliokuwa wakiiga Rolling Stones na Hendrix wakalazimika kutunga vyao. Sisi huku mwaka 1969 tulikuwa na Operesheni Vijana, watu wanafukuzwa mitaani kwa suruali za kubana. Nikilinganisha amri hizo mbili huwa nacheka peke yangu.

Halafu shaba ikaanguka bei. Bendi zikakosa mafuta ya gari, vyombo vikauzwa, disko likaingia, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wao wakiwa bado vijana. Baba aliacha kuleta sahani mwanzoni mwa miaka ya 80. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hazipo dukani. Mimi nilidhani amefulia.

Kwa hiyo mtu akiniambia enzi bora imepita, mimi nilishaiona ikipita. Niliiona ikifa hasa, duka likiwa tupu. Zile sahani mdogo wangu alizipashia moto akazifinyanga kuwa vyungu vya maua. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Sasa sikilizeni. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, yule waliyemwita Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger, alikuja kuwa mchimbaji wa vito. Alikuwa anatafuta mawe ardhini wakati Wazungu wanatafuta sahani zake. Wakazitoa upya, wakamfuata, akarudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mzee ana miaka 70 na ushee. Nimeisikiliza nikiwa kitandani na simu kifuani. Sisemi inaizidi ya zamani. Nasema nilidhani naijua sauti ya mtu aliyekufa, kumbe mwenyewe alikuwa anachimba.

Kijiwe Mchele

Vyungu vya maua jamani 😭

Waya wa Sita

Mwana wa Reli, na Dar walikuwepo Sunburst. Afro-rock ya hapahapa mjini, albamu yao Ave Africa ni ya 1976, ikatolewa upya 2016 na kampuni ya Strut. Mimi mwenye miaka 25 ya kupiga gitaa, mzaliwa wa Temeke, niliwasikia kwa mara ya kwanza 2017. Aibu niliyoipata siwezi kuieleza.

Mjamaa wa Umoja

Niaje wakuu, niko Nairobi. Mimi niliingia rock kupitia mieleka, na nusu yenu pia ni hivyo, mnaficha tu. Jumamosi tulijazana kwa jirani mwenye TV. Triple H anaingia, anatema maji juu, Motörhead wanamwimbia. Miaka mingi nilidhani anayeimba ni yeye.

Halafu Linkin Park. CD ya kuchomwa, tulinunua River Road, jalada la karatasi iliyotoka rangi ya samawati yote kwa sababu printa iliishiwa wino mwingine. Mtaani kwetu ukisikiliza hiyo kitu ulikuwa unaitwa mzungu, au unaambiwa umeingia dini ya shetani. Matatu ni reggae na hip hop. Kwa hivyo ulivaa hedifoni na ukitingisha kichwa unajifanya ni Jay-Z.

Julai 2017 mwimbaji wao, Chester Bennington, alipojiua nilikuwa kazini. Niliingia chooni nikakaa huko dakika ishirini. Bosi akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndio. Akaniuliza ni nani, nikasema "ndugu".

2024 wamerudi na mwimbaji mwingine, mwanamke, Emily Armstrong. Nilisikiliza, nikazima. Wiki iliyofuata nikarudia. Sasa naimba naye nikiosha vyombo. Sijui kama ni usaliti.

Lakini kwa swali lako, mimi nasema angalia hapa kwetu. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi walitoa albamu kwa jina Duma, yaani giza kwa Kikuyu, kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala. Ni metali imechanganywa na mashine hadi hujui gitaa ni lipi. Nilimpigia mama nikamwambia hawa ni watoto wetu. Akauliza kama redio imeharibika. Hiyo sauti haikuwepo 1975 wala 1991. Kama bora imepita, basi hii niiweke wapi?

Mpakiaji Ohio

Niko Columbus, Marekani, mwaka wa tisa, kazi ghala la usiku. Huku rock ilizaliwa, kwa hiyo nilikuja nikidhani nitaikuta barabarani.

Mwaka juzi nilienda Cleveland kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la vioo kando ya Ziwa Erie. Kuna magitaa, suruali, barua, mpaka karatasi za maneno ya nyimbo zilizokatwakatwa kwa kalamu. Nikatembea kwa adabu kama niko msibani. Nikamwambia mke wangu: kitu kikishajengewa makumbusho, jua kimeondoka.

Mwezi uliofuata nikanunua tiketi kumwona mkongwe mmoja, simtaji. Dola 140, na hapo nimekaa juu kabisa karibu na mataa. Ukumbi mzima mvi. Watu wameketi! Jamani, rock mtu ameketi, anakula karanga. Mwimbaji alipofika kwenye sauti ya juu alielekeza kipaza sauti kwa watu tuimalizie. Mara ya kwanza ni ukarimu, ila alifanya hivyo nyimbo nne. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapiga kura yangu: imekwisha.

Sasa juzi jirani yangu, mtoto wa Kisomali aliyezaliwa hapahapa, akanialika kwao chini, sehemu ya kuwekea mashine ya kufulia. Watoto wanne. Mpiga ngoma ni msichana, fimbo zake zimefungwa plasta. Hawajui kupiga vizuri, na nasema hivyo kwa upendo. Wimbo wao mmoja ulikuwa unahusu kazi ya ghala, kuhusu ile mashine inayokuhesabia sekunde ukienda chooni. Dada yake anafanya kazi zamu yangu. Niligandishwa. Hakuna mkongwe yeyote aliyewahi kuniimbia habari ya zamu yangu.

Kura yangu naomba nirudishiwe.

Binti Shangani

Assalaam alaykum. Kaka wa Ohio, hata kwetu Unguja kuna makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, tangu Novemba 2019, na mie nimefanya kazi nyumba ya wageni hatua chache kutoka hapo. Kwa hivyo hilo la makumbusho nalijua vizuri.

Kila siku mgeni ananiuliza: alizaliwa wapi, alipita wapi, nyumba ipi. Nami kwanza nilikuwa sijawahi hata kumsikia akiimba, wallahi. Najua kazaliwa 1946, najua akiitwa Farrokh Bulsara, najua waliondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Nimeyahifadhi kama mwalimu wa jiografia. Wimbo wake hata mmoja siujui! Nyumbani haukupigwa, na wapo wasiotaka jina lake litajwe. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya ufukweni ya kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa kwake, ikapingwa, ikafutwa. Huko siingii, kila mtu na lake.

Siku moja mgeni wa Kitaliano, bibi mtu mzima, ananiambia hebu keti, ananivalisha hedifoni. Naskia mtu anaimba Kizungu, mara: "Bismillah". Nikavua. Nikavaa tena. Nikamwambia rudisha nyuma. Bi mkubwa yule alicheka hadi akatoa machozi.

Mie sijui rock, wala siwezi kusema enzi gani ni bora. Nasema tu wimbo wa 1975, Bohemian Rhapsody, umetoka London ukanifikia mji uleule alikozaliwa mwenyewe, na nilikuwa na miaka 31. Umechelewa, ila umefika na nauli yake.

Kijiwe Mchele

Haya nimesoma yote. Naanza na ipi? Isiwe ya kupasua masikio, niko dukani.

Mwana wa Reli

Anza na Amanaz, taratibu. Ukiwa na mteja, punguza.

Fulana ya Mitumba

Shikamooni. Mimi ni mdogo humu, nina miaka 19, niko Morogoro.

Bibi yangu ana fulana ya kupalilia mahindi. Nyeusi, mbele lina fuvu linachekelea, limeshika bendera. Aliinunua mnadani kwa kuwa ni nzito na haishiki tope. Nilipomaliza kidato cha nne nikaipiga picha nikaitafuta mtandaoni: Iron Maiden. Nikasikiliza. Nikaenda kwenye marobota nikaanza kutafuta nyingine. Muziki wote ninaoujua nimeupata hivyo: fulana, picha, mtandao. Nirvana niliinunua elfu mbili. Slayer niliikuta kwa fundi baiskeli, akagoma kuniuzia, anasema ina baraka. Kuna moja nimekaa nayo mwezi nikifikiri ni bendi, kumbe ni kampuni ya mabomba.

Kwa hiyo mnapobishana miaka mimi siwaelewi vizuri. Zote zilinifikia robota moja. Sijui ipi ilitangulia mpaka nisome nyuma.

Ninayempenda kuliko wote yuko hai: Mdou Moctar wa Niger. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi akatoa kwenye kebo za breki za baiskeli. Sikilizeni Afrique Victime, ni ya 2021. Mimi nina gitaa la kuazima la kwaya na waya wa kwanza umekatika wiki ya tatu sasa. Nilijaribu hiyo ya kebo ya breki. Inakata vidole na haipandi sauti, au mimi sijui kuichambua. Mwenye kujua anielekeze.

Waya wa Sita

Mdogo wangu, usiweke kebo kwenye gitaa la kwaya, utapindisha shingo lake na mtakosana na mwalimu. Kebo ukiifumua ina nyuzi nyembambanyembamba ndani, ndizo zinazotumika, si kebo nzima.

Nina pakiti ya nyuzi sita haijafunguliwa. Ijumaa kuna basi la Moro asubuhi, konda namfahamu. Nitumie namba inbox, na uniandikie hiyo fulana ya kampuni ya mabomba unauza bei gani.