Historia ya chaneli ndogo ya kebo iliyozimwa: nianzie wapi?

mrithi_wa_maboksi
Wakuu, salaam. Nimeachiwa maboksi ya kanda za chaneli ndogo ya televisheni ya kebo iliyozimwa zamani. Nyingine zimeviringishwa kwenye magurudumu ya wazi, nyingine ni zile kaseti nene za U-matic. Nataka kuandika historia yake wakati waliofanya kazi pale bado wapo. Mpango wangu ni kuzitazama zote, kisha niandike. Ndiyo njia? Na hizi chaneli zilizaliwaje hasa?

fundi_wa_zamu
Kanda ziache kwanza, mkuu. Tafuta mkataba kati ya kampuni ya kebo na serikali ya mtaa.

Nimekaa miaka mingi chumba cha mitambo cha chaneli ya aina hiyo. Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo tulirekodi juu ya zilizopita. Kikao cha madiwani cha leo kinafuta mechi ya juzi. Ulichoachiwa si kile kilichorushwa, ni mabaki yaliyokosa wa kuyafuta. Ukiandika kwa kutegemea hayo tu, utakuwa umeandika historia ya bahati.

Sasa chimbuko. Kebo yenyewe ilianza kwa shida ya milima. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, miji iliyofichwa mabondeni haikupata picha, basi watu wakasimika antena mlimani na kushusha waya hadi majumbani. Astoria, Oregon, Ed Parsons alifanya hivyo 1948. John Walson wa Mahanoy City, Pennsylvania, naye alisema alianza mwaka huohuo, ila nyaraka zake ziliungua na mpaka leo watu wanabishana. Unaona karatasi inavyoweza kukufanya wa kwanza au wa pili?

Waya ule ulibeba vituo vya wengine tu. Kipindi cha wenyeji kilikuja kwa kuwa kulikuwa na nafasi tupu. Mwanzoni baadhi ya mitambo iliijaza kwa kamera moja iliyofungwa kwenye mota, ikitembea taratibu kutoka kipimajoto hadi kipimo cha upepo, ikifika mwisho inarudi. Siku nzima! Na watu walitazama.

Kisha Sony ikatoa Portapak mwaka 1967, kamera na rekoda ya kubeba begani, na raia wa kawaida akaweza kurekodi mtaa wake. Dale City, Virginia, tayari walikuwa na chaneli ya jamii 1968. Mwaka 1972 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikaagiza mitambo ya kebo kwenye maeneo 100 yenye watazamaji wengi zaidi itenge chaneli za umma, elimu na serikali ya mtaa. Mahakama ya Juu ya huko ikayafuta masharti ya aina hiyo 1979. Sheria ya 1984 ikawarudishia watawala wa mtaa uwezo wa kudai chaneli hizo kwenye mkataba, na kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni.

Ndiyo maana nasema mkataba. Humo utakuta nani alilazimishwa kutoa chaneli, nani alilipia kamera, na tarehe ya kuisha. Chaneli nyingi ukitazama zilikufa mkataba ulipoandikwa upya, siyo watazamaji walipochoka. Wenyewe tuliambiwa watu hawatutazami. Hakuna aliyewahi kuwahesabu.

lebo_na_kalamu
Fundi nakubaliana naye nusu. Uingereza hadithi ni nyingine: vituo vya kebo vya Greenwich 1972, Swindon 1973, leseni za majaribio kutoka serikalini, na mwanzoni matangazo ya biashara yalikatazwa. Unaendeshaje kituo bila tangazo? Wengi wakafunga baada ya miaka michache. Swindon ilinusurika kwa kuwa wamiliki wake, kampuni ya EMI, waliiuza kwa umma kwa paundi 1 mwaka 1976. Kwa hiyo usitafute mkataba tu, soma na masharti ya leseni.

Ila kanda usizidharau. Soma makasha. Kila aliyerekodi upya alikata jina la zamani kwa kalamu au akabandika lebo juu ya lebo. Orodha ya vilivyofutwa iko palepale.

mvuke_na_sumaku
Jambo moja kabla hujaichomeka kanda yoyote kwenye mashine. Gundi iliyoshika unga wa sumaku kwenye kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu na kunata. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simamisha mara moja, hapo picha inabanduka na kubaki kwenye vichwa vya mashine. Mafundi huzikausha kwa joto dogo, nyuzi kama 50 na kitu, kwa saa nyingi. Siyo jiko la nyumbani, tafadhali.

mrithi_wa_maboksi
Asanteni sana. Nimefungua boksi moja na kweli, kuna kasha lina lebo nne zimepandana. Ya juu inasema "Kikao", ya pili naona herufi mbili tu. Nazibanduaje bila kuchana?

lebo_na_kalamu
Toa kanda kwanza uiweke mbali. Kisha pasha lebo kwa mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo, uinue kuanzia pembeni. Piga picha kila tabaka kabla ya kugusa linalofuata. Na mwandiko ukibadilika, andika, ujue zamu ilibadilika.

fundi_wa_zamu
Mwandiko ukiwa mbaya kupita kiasi, huyo ni wa zamu ya usiku. Muulize, bado anakumbuka.